Okidi zilizotelekezwa ofisini: zinafufuka, au zimetengenezwa zichanue mara moja zife?

#1 Barazani_Upanga

Wakuu, habari za jioni.

Ofisi moja kwenye jengo letu imehama na kuacha okidi saba kwenye korido, zile Phalaenopsis zenye majani mapana na maua ya kipepeo. Maua yenyewe yalishapukutika zamani. Majani yamelegea na kukunjamana, ya chini yamekuwa manjano, makopo yamejaa vumbi. Mfanya usafi alikuwa anazipeleka jalalani nikamwomba anipe. Sasa zipo kibarazani kwangu.

Shangazi yangu aliyeishi Uholanzi miaka mingi anasema nisihangaike. Kwa maelezo yake, okidi za dukani hutengenezwa maabara zichanue mara moja basi, ukitaka maua tena ununue nyingine. Na kweli sijamwona mtu hapa Dar ambaye okidi yake ya dukani ilichanua mara ya pili. Kuna mwenye ushahidi wa kumpinga shangazi? Na kama zinafufuka, mtu anaanzia wapi? Kwa sasa nazimwagilia asubuhi na jioni maana zinaonekana zina kiu kali.

#2 Fundi_Miche

Dada, simamisha maji kabla hujasoma post inayofuata.

Jani lililolegea linakwambia maji hayafiki kwenye jani. Halikwambii kama kwenye kopo yapo au hayapo. Okidi ya ofisini humwagiliwa na kila anayepita na chupa yake, mizizi inaoza, na mmea usio na mizizi utakauka hata ukiusimamisha ndani ya ndoo ya maji.

Toa mmoja kwenye kopo uangalie. Mzizi mzima ni mgumu ukiuminya. Ukiwa mkavu ni mweupe wa fedha, ukilowa unageuka kijani. Uliooza ni wa kahawia na laini, ukiuvuta ganda linachomoka linabaki uzi mwembamba. Kuna mwingine utakuta mkavu, mtupu ndani, unabonyea: huo umekufa kwa ukame. Tuambie umekuta upi kwa wingi, ndipo tujue tunatibu ugonjwa gani.

#3 Kipepeo_Limuru

Shangazi hayuko sawa hata kidogo. Mamangu ana Phalaenopsis aliyopewa zawadi siku ya kustaafu na huchanua karibu kila mwaka, hapo dirishani tu, bila dawa yoyote.

Maabara ni kweli. Mfaransa Georges Morel ndiye aliyeonyesha mwaka 1960, kwa okidi za Cymbidium, kwamba kipande kidogo cha ncha inayokua kinaweza kuzalisha miche mingi. Lakini kinachotoka ni nakala ya mzazi, na mzazi anachanua kila mwaka. Hakuna mtu aliyeifungia saa ya kufa ndani. Wauzaji wanafaidi kwa sababu watu wanatupa mmea maua yakishaanguka.

#4 Mtoto_wa_Magomeni

Limuru mnavaa masweta mwezi wa saba halafu mnakuja kutufundisha sisi! Mlete mamako Magomeni mwezi wa pili na hiyo okidi yake tuone nani atachanua.

#5 Soni_Milimani

Magomeni anatania ila amegusa penyewe. Mimi niko Soni, Lushoto. Phalaenopsis inatoa bua la maua ikipata ubaridi. Kipupwe kikianza huku, usiku unakuwa wa kujifunika blanketi, na baada ya wiki kadhaa bua linachungulia chini ya jani. Dar usiku wa Februari hata feni haifui dafu. Kwa hiyo dada anaweza kuzifufua zikanawiri majani na asione ua hata moja, kisha shangazi akaonekana alisema kweli.

#6 Daktari_wa_Majani

Sahihisho kwa #5. Wakuzaji wengi wa okidi wanaamini usiku ndio unaoamua. Mwaka 2006 watafiti wa Michigan State University huko Marekani walichapisha matokeo baada ya kutenganisha joto la mchana na la usiku, na kilichoamua kikawa mchana. Mimea iliyokaa kwenye nyuzi 29 mchana haikutoa mabua hata usiku wake ulipokuwa wa baridi. Iliyokaa kwenye nyuzi 20 au 23 ilitoa.

Kwa Dar hii inageuza hadithi yote. Kiyoyozi cha ofisini, ambacho watu hukilaumu okidi zikifa, kinafanya kazi mchana, tena kwenye nyuzi hizohizo. Kama ofisi ile ilikuwa na dirisha lenye mwanga wa kutosha, huenda okidi zilikuwa mahali pazuri pa kuchanua kuliko kibarazani Upanga.

#7 Mtoto_wa_Magomeni

Yaani ninunue umeme wa luku okidi ilale kwenye kiyoyozi, mimi nilale na feni?

#8 Msafiri_Muscat

Salaam kutoka Muscat. Nafanya kazi hotelini, na okidi za mapokezi zikimaliza maua zinatolewa nje ya mlango wa nyuma. Mimi nazichukua, kwa hiyo ninachosema nimekiona kwa wingi.

Daktari yuko sahihi kuhusu joto ila kiyoyozi kina upande wa pili: kinakausha hewa. Okidi iliyowekwa chini ya mdomo wa kiyoyozi, vitumba vyake vinanyauka na kudondoka kabla ya kufunguka, na mizizi ya hewani inabaki vijiti vitupu. Ukiiweka chumba hichohicho ila mbali na upepo wa moja kwa moja, inatulia.

Zile zilizobaki bila mizizi nazilaza juu ya sfagnamu (ukoga wa kupandia unaoshika maji) iliyoloweshwa na kukamuliwa mpaka isidondoshe tone, ndani ya boksi la plastiki angavu lenye kifuniko, mahali penye mwanga usio wa jua kali. Kila siku nafungua kidogo hewa ipite. Nyingine hutoa ncha za mizizi, nyingine hukaa miezi kimya halafu zikafa. Si tiba ya uhakika, lakini jalalani zingekufa zote.

Jambo jingine: msiweke okidi yenye vitumba jirani na ndizi au maembe yanayoiva. Matunda yakiiva yanatoa gesi ya ethilini na vitumba vinadondoka. Hapa mapokezi huwa wanapanga sinia la matunda pembeni ya maua halafu wanaulizana kulikoni.

#9 Barazani_Upanga

Ahsanteni sana. Nimezitoa zote nikatandaza magazeti chini. Hali yake:

Tano mizizi ya chini imeoza kama alivyosema Fundi, lakini ya juu inayotokeza nje bado migumu. Magome yaliyokuwa kwenye kopo yamekuwa unga mweusi na yananuka. Na katikati ya mizizi nimekuta donge dogo la ukoga ndani ya kikopo cha wavu, limelowa chepechepe ingawa juu palikuwa pakavu kabisa. Moja haina mzizi mzima hata mmoja. Ya mwisho pale katikati majani yanapotokea pameoza, peusi, na jani la juu limenyofoka lenyewe mkononi.

Nafanyaje?

#10 Fundi_Miche

Hilo donge ndilo muuaji mkuu wa okidi za dukani. Mche ukiwa mdogo kitaluni unaanzia humo, na kwa mkulima mwenye mashine za kupima maji halina shida. Ukifika nyumbani, magome ya nje yanakauka, donge la ndani linabaki limelowa, unashika juu unahisi pakavu unaongeza maji. Litoe lote, taratibu, kwa kibanzi au kijiti.

Halafu:

Mkasi upitishe kwenye moto kabla ya kila mmea, nasema kila mmea. Kuna virusi vya okidi vinavyosafiri na utomvu kwenye makali, na virusi havina dawa. Kata kilichooza mpaka ufike penye ugumu. Usikate mzizi kwa sababu ni wa njano au umejikunja, kata uliokufa tu. Kama ganda limechomoka na umebaki uzi, uzi huo unaweza kuuacha uushikilie mmea usiyumbe kwenye kopo jipya.

Acha mmea kivulini siku moja au mbili vidonda vikauke. Kisha upande upya kwenye kopo lenye matundu mengi, dogo kadiri ya mizizi iliyobaki. Watu wanahurumia mmea wanaupa kopo kubwa, na kopo kubwa linakaa na maji muda mrefu. Usitumie udongo. Hizi ni okidi za juu ya miti ya Asia ya Kusini-Mashariki, mizizi yake imezoea kulowa mvua ikinyesha na kupigwa upepo ikikatika. Vipande vya mkaa na makumbi ya nazi vinatosha kabisa kwa hapa Dar, huna haja ya kuagiza magome ya nje.

Isiyo na mizizi fanya kama Muscat, ila kwa unyevu wa Dar boksi lisifungwe kabisa, litaota ukungu.

Iliyooza kitovu sina maneno mazuri. Phalaenopsis inakua kwa ncha moja, ncha ikifa hakuna jani jipya litakalotoka hapo. Wakati mwingine inachipua pembeni chini. Kata palipooza, kausha, usiitupe bado. Na kwa hizo nyingine, maji yasikae katikati ya majani. Mwagilia asubuhi, yakiingia humo yafyonze kwa tishu.

#11 Bi_Makumbi

Fundi kasema makumbi akapita. Ngojani kwanza.

Miye wa Unguja, kusini huku. Makumbi yetu ya kusokotea kamba huzikwa pwani, maji ya bahari yakaja yakatoka miezi na miezi mpaka yakalainika. Mtu akenda kununua nyuzi hizo akazitia kwenye okidi, kaitia chumvi mwanawane. Mtafute makumbi mabichi ya nazi iliyofuliwa mjini, yasiyoguswa na bahari. Na hayo nayo yalowekeni kwa maji ya mvua, yamwageni, yalowekeni tena mpaka maji yasitoke rangi ya chai. Mkaa pia, usiwe ule uliochomewa nyama ukadondokewa mafuta na chumvi.

#12 Maji_Kigamboni

Bi Makumbi ametaja chumvi, na mimi nadhani ndilo jibu la mjadala mzima. Mnazungumza kuoza, joto, kiyoyozi, kumbe maji ya visima vya Dar, hasa huku Kigamboni na ukanda wa bahari, ni ya chumvi. Okidi haivumilii. Tazameni ukingo wa kopo: kuna utando mweupe? Ncha za mizizi zimekuwa nyeusi kavu? Hiyo ni chumvi. Kwangu nakinga mvua ya masika kwenye simtanki kwa ajili ya mimea peke yake.

#13 Fundi_Miche

Mkuu, chumvi naikubali kwa Kigamboni. Lakini ofisini watu humwagia maji ya kunywa ya kwenye mashine, hayana chumvi ya kisima. Na chumvi haigeuzi magome kuwa unga. Magome yanaoza yenyewe ndani ya miaka miwili hivi, kwa joto letu hata mapema, na yakiwa unga hewa haipiti kwenye mizizi.

#14 Maji_Kigamboni

Maji ya kunywa yanaisha, mhudumu anachota bombani. Bomba la jengo limeunganishwa na kisima. Nimefanya kazi kwenye majengo hayo, nayajua.

#15 Mama_Tabata

Mbona hamjataja mdalasini? Kila okidi ninayoikata naipaka mdalasini wa unga, kuvu haigusi. Na maji niliyooshea mchele naimwagia kila wiki. Majani yanang'aa!

#16 Daktari_wa_Majani

Mama Tabata, mdalasini kwenye kidonda cha jani au bua ni sawa, unazuia kuvu. Ila usiunyunyize kwenye mizizi mizima, unaikausha. Mtu ameokoa mizizi mitatu kwa taabu halafu anaiua kwa kiungo cha pilau.

Maji ya mchele, ya ganda la ndizi, ya kitunguu saumu: yanachacha, yanaacha wanga kwenye kopo, inzi wadogo wanazaliana. Mmea mgonjwa hauhitaji mbolea. Subiri mpaka uone ncha mpya za mizizi, kisha NPK ya kawaida iliyozimuliwa robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, na katikati umwagie maji matupu ya kusuuza.

#17 Mama_Tabata

Daktari, sibishani na elimu yako. Zangu zina majani mapya na sijawahi kununua hiyo NPK. Njoo Tabata uone.

#18 Mzee_wa_Vanila

Wajukuu, mimi ni mkulima wa vanila Kagera. Nasoma humu naona hamjui kuwa wengine tunalima okidi kwa riziki. Vanila ni okidi, tena ile ya asili ya Mexico. Na adui yetu mkubwa ni huyohuyo wa dada: mzizi kuoza. Maji yakituama chini ya mti wa kushikia, kuvu ya fusari inaingia, mzizi unakuwa wa kahawia, jani linalegea. Mkulima mgeni anaona jani limelegea anamwagia maji. Hasara ya shamba zima inaanzia hapo.

Dawa yetu: ukiona mmea umeoza chini, kata sehemu ya juu iliyo nzima, iache kivulini siku kadhaa ilegee kidogo na kidonda kikauke, panda upya mahali pengine. Mahali pa zamani usipande.

#19 Soni_Milimani

Shikamoo mzee. Hivi ni kweli kila ua la vanila mnalichavusha kwa mkono?

#20 Mzee_wa_Vanila

Marahaba. Kila ua, kwa kijiti chembamba, asubuhi ya siku linapofunguka, maana mchana linanyauka na likikupita limekupita. Njia hii aliigundua kijana mtumwa wa kisiwa cha Réunion, Edmond Albius, mwaka 1841 akiwa na miaka kumi na miwili tu. Dunia nzima inalima kwa mkono wa yule mtoto, na yeye alikufa maskini. Msimu wa maua mimi na bibi tunaingia shambani kabla ya chai.

#21 Kipepeo_Limuru

Ahsante mzee, hilo la Albius sikulijua. Swali: vanila si mnaiwekea samadi na majani makavu chini? Sasa Fundi anakataza udongo kabisa.

#22 Mzee_wa_Vanila

Vanila ina mizizi ya namna mbili. Ile ya juu inashika mti, ya chini inatambaa kwenye majani yaliyooza, tena juujuu, haizami. Hiyo ya kwenu ya dukani haina ya pili. Msichanganye.

#23 Pori_Tamu

Mnahangaika na vichina vya dukani na hapa pwani okidi zipo porini bure. Ile ya madoa ya chui inaota juu ya mikoche na mibuyu, fungu zima. Panda mti, banduа, peleka nyumbani. Haihitaji maabara wala kiyoyozi.

#24 Soni_Milimani

Pori, usifanye hivyo na usiwafundishe watu.

Hiyo ni Ansellia africana. Ni ya asili yetu na inapungua kwa sababu hiyohiyo ya watu kubandua mafungu na kuuza barabarani. Kwenye orodha nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, imewekwa miongoni mwa zilizo hatarini. Okidi zote za porini zinalindwa na mkataba wa CITES wa biashara ya kimataifa. Na kibiolojia unapoteza: mbegu ya okidi ni vumbi tupu, haina akiba ya chakula, mpaka ikutane na kuvu wa aina yake ndipo iote. Fungu kubwa unalolibandua kwa dakika chache limeanza na bahati ambayo haijirudii kirahisi.

Ukikuta tawi limeangushwa na upepo au mti unakatwa kwa ajili ya barabara, hapo kuokoa kuna maana, na hata hapo uliza watu wa misitu kwanza.

#25 Mbeya_Juu

Namuunga mkono Soni. Nyanda za juu huku watu wamechimba viazi vya okidi za ardhini miaka mingi kupeleka Zambia, wanapikia chikanda, chakula cha huko. Kiazi kikichimbwa mmea umekwisha. Biashara hiyo ilikuwa moja ya sababu za kuifanya Kitulo kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005. Nendeni Kitulo kati ya Desemba na Aprili mkaone okidi zilizopandwa na Mungu, hazijafufuliwa na mtu.

#26 Pori_Tamu

Sawa, nimesikia. Lakini ile ya madoa mibuyuni inapigwa jua, inakauka miezi, na haifi. Hizi zenu mnazibeba mikononi kila siku na zinakufa. Labda mnazihudumia kupita kiasi.

#27 Fundi_Miche

Hapo sasa umesema jambo. Ansellia ina mashina manene yanayoweka akiba ya maji. Phalaenopsis haina ghala hilo, akiba yake ni majani na mizizi tu, ndiyo maana ikikosea upande wowote inaonekana haraka. Kwa mtu wa Dar anayeanza, okidi ya Dendrobium ina mashina ya aina hiyo, inavumilia joto na inachanua bila kiyoyozi. Ila dada hakuchagua, ameokota.

#28 Barazani_Upanga

Nimefuata: donge nimetoa, mkasi motoni, makumbi mabichi kutoka kwa muuza nazi wa Kariakoo nimeyaloweka kama alivyoelekeza Bi Makumbi, mkaa, makopo madogo yenye matundu. Mvua ilinyesha nikakinga ndoo. Nimezihamishia upande wa mashariki wa kibaraza zipate jua la asubuhi tu.

Swali: mbili zina mabua ya zamani, chini ya kijani na juu makavu. Nikate au niache?

#29 Kipepeo_Limuru

Kata juu ya kifundo cha pili au cha tatu kutoka chini. Mara nyingi hapo linatoka tawi jipya la maua. Mama hufanya hivyo.

#30 Daktari_wa_Majani

Kwa mmea wenye afya, sawa. Huu umetoka kukatwa mizizi. Kata bua lote karibu na shina, nguvu iende kwenye mizizi na majani.

#31 Msafiri_Muscat

Mimi siwakubali wote wawili. Bua likiwa la kijani liachwe, lina chakula, mmea utakifyonza wenyewe likikauka. Na mmea dhaifu mara nyingine hutoa mtoto kwenye kifundo cha bua badala ya ua, mche kamili wenye majani na mizizi yake. Mzazi anakufa, mtoto anabaki. Nimepata wawili kwa njia hiyo kutoka kwa mimea ambayo Daktari angeikata.

#32 Daktari_wa_Majani

Hoja nzuri kwa ile isiyo na mizizi. Kwa nyingine nabaki na msimamo wangu.

#33 Mjomba_Minnesota

Huku Marekani wanaambiwa waweke vipande vitatu vya barafu kila wiki. Nilidhani ni upuuzi, mmea wa nchi za joto unaulisha barafu! Lakini vyuo vikuu vya Ohio State na Georgia walilipima hilo, wakachapisha mwaka 2017, wakaona Phalaenopsis kwenye magome hazikudhurika. Ukiangalia, siri ni kwamba barafu ni maji kidogo tena yanayoingia polepole. Mtu anazuiwa kumwaga kikombe kizima.

#34 Mtoto_wa_Magomeni

Barafu ya Magomeni inaisha kabla haijafika kwenye kopo. Endeleeni.

#35 Barazani_Upanga

Wakuu, nimerudi baada ya masika. Nimeweka picha hapo juu, za mwanzo na za sasa.

Iliyooza kitovu imekufa. Isiyo na mizizi niliacha bua kama alivyosema Msafiri, na kwenye kifundo kimoja pana kichipukizi chenye vijani viwili. Sijui ni mtoto au nini, mtaniambia. Zile tano zina ncha za mizizi za kijani zinazong'aa, tatu zimetoa jani jipya. Majani ya zamani hayajanyooka, yamebaki na mikunjo. Hakuna ua wala dalili ya bua.

Shangazi amekuja jana, kaziangalia kwa muda, kasema "majani hata mchicha unayo." Hajabadili msimamo.

#36 Maji_Kigamboni

Hongera! Mnaona? Maji ya mvua hayo.

#37 Fundi_Miche

Maji ya mvua peke yake kwenye lile donge la mwanzo yangeziozesha vilevile. Ni kubadilisha kopo.

#38 Mama_Tabata

Na jua la asubuhi je? Kule koridoni zilikuwa gizani. Jani la kijani kilichokolea sana ni njaa ya mwanga, na kwenye picha za kwanza yalikuwa hivyo.

#39 Daktari_wa_Majani

Dada alibadilisha maji, makumbi, kopo, mwanga na ratiba ya kumwagilia kwa wakati mmoja, kwa hiyo kila mtu humu anaweza kudai ushindi na hakuna wa kumkanusha. Mimi ningeongeza kwamba zilikaa miezi bila mtu kuzisumbua.

Kuhusu kichipukizi: vijani viwili vinavyofunguka pande mbili ni mtoto. Usikikate mpaka kiwe na mizizi yake yenye urefu wa vidole viwili vitatu. Na @Msafiri_Muscat, lako limesimama.

#40 Msafiri_Muscat

Alhamdulillah. Dada angalia pia maungio ya majani, picha ya tatu naona kitu cheupe kama pamba. Hao ni wadudu, vidung'ata. Pamba ya masikioni iliyochovywa spiriti, wafute mmoja mmoja, rudia kila wiki mpaka waishe. Itenge na nyingine leo.

#41 Barazani_Upanga

Kweli wapo! Nimeitenga. Sasa suala la maua. Kati ya mchana wa Daktari na usiku wa Soni, mimi sina kiyoyozi kibarazani na chumbani hamna dirisha la maana.

#42 Soni_Milimani

Nitumie moja Soni, yenye mizizi mingi kuliko zote. Mwezi wa sita mpaka wa nane huku mchana na usiku vyote ni vya baridi, kwa hiyo hata Daktari hatakuwa na la kupinga. Bua likitoka nakurudishia umwonyeshe shangazi. Nyingine zibaki Upanga tulinganishe.

#43 Daktari_wa_Majani

Nakubali. Ila na ya Upanga itumie makumbi yaleyale na maji ya mvua yaleyale, tusije tukabishana tena.

#44 Maji_Kigamboni

Na moja ya Upanga imwagiliwe maji ya kisima. Nitaleta dumu mwenyewe.

#45 Barazani_Upanga

Ya kisima sitoi hata moja, samahani mkuu, nimezihangaikia. Soni, basi la Lushoto naipakiaje?

#46 Soni_Milimani

Usimwagilie siku mbili kabla, makumbi yawe makavu. Zungushia gazeti kwenye kopo lisimwagike, majani yafunge kwa juu kwa karatasi laini, isimamishe ndani ya boksi uichomekee magazeti pembeni isilale. Toboa boksi matundu. Mwambie kondakta isiingie kwenye buti, mle ndani joto linapika, iwekwe mbele miguuni pa abiria. Andika juu MMEA HAI kwa maandishi makubwa, na namba ya basi nitumie faragha.